Herufi H Kwenye Karatasi ya Maabara Si Sababu ya Kumeza Statini, na Video Si Sababu ya Kuiacha

Ukiwa kwenye kundi lolote la WhatsApp la familia au la kanisa hapa Nairobi, hukosi kutumiwa ile video: mtu aliyevaa koti jeupe anaeleza kwamba kolesteroli haijawahi kumuua mtu, kwamba statini zinaharibu misuli, ini na ubongo, na kwamba kampuni za dawa zimetudanganya kwa miaka mingi. Wakati huohuo kambi za upimaji zinafanyika makanisani, maofisini na kwenye maduka makubwa. Watu wanatoka huko na karatasi yenye herufi H (ya “high”, yaani juu) kando ya neno kolesteroli, wanaingia duka la dawa la kwanza wanalolikuta na kuomba “dawa ya kolesteroli”. Mmoja anakimbilia dawa, mwingine anaikimbia, lakini wote wawili wamefanya kosa moja: wameitazama namba moja na kumsahau mwenye namba. Statini ni dawa ya kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Isianzishwe wala kuachwa kwa kutazama kiwango cha kolesteroli peke yake. Wengi wanaotishwa na herufi H hawaihitaji. Wanaoiacha kwa sababu ya video, mara nyingi, ndio hasa walioandikiwa kwa haki, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Kolesteroli, au lehemu, haiyeyuki katika damu, kwa hiyo mwili huisafirisha ndani ya chembe za mafuta na protini. Chembe ziitwazo LDL, zibebazo ile “kolesteroli mbaya”, hupenya ukuta wa ateri na kukwama humo, seli za kinga huzimeza, mafuta hurundikana, na baada ya miaka mingi hutokea utando ambao siku ukipasuka damu huganda juu yake na kuziba njia. Kukizibika kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, kukizibika kwenye ubongo ni kiharusi. Presha, sigara na kisukari huharakisha kazi hiyo. Statini hufanya kazi kwenye ini: huzuia kimeng’enya cha HMG-CoA reduktasi, ini linapungukiwa na kolesteroli yake lenyewe, nalo huongeza vipokezi vya kunasa LDL kutoka kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliovigundua vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Akira Endo wa Japani alikuwa ameipata statini ya kwanza ndani ya ukungu katika miaka ya 1970, na lovastatini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kushusha namba, hata hivyo, ni jambo moja na kuokoa maisha ni jingine, na wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza hadi mwaka 1994, yalipotoka matokeo ya utafiti wa 4S wa nchi za Skandinavia. Watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo waligawanywa makundi mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa. Katika miaka mitano na ushei walikufa 256 kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na 182 kati ya waliopewa simvastatini.

Sasa weka karatasi mbili za maabara mezani. Ya kwanza ni ya mwanamke wa miaka 36, asiyevuta sigara, presha 116/74, sukari sawa. Kolesteroli ya jumla 5.6 mmol/L, HDL (ile “kolesteroli nzuri”) 1.9, trigliseridi (mafuta mengine ya damuni) 0.9. Kwa kuwa maabara nyingi huweka mpaka kwenye 5.0 au 5.2, kompyuta imempa H. Ya pili ni ya mwanamume wa miaka 58, mwenye kisukari, anayevuta sigara, presha 158/96. Kolesteroli ya jumla 4.9, HDL 0.8, trigliseridi 2.2. Kwenye mstari wa kolesteroli ya jumla hana H. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huihesabu: kolesteroli ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Mwanamke anapata LDL ya karibu 3.3 na mwanamume 3.1. Ukitoa HDL peke yake kutoka kwenye jumla, unapata kolesteroli yote iliyo ndani ya chembe zenye madhara: mwanamke 3.7, mwanamume 4.1. Kwa hiyo aliyepewa H amebeba mzigo mdogo kuliko asiyepewa, na kilichomponza ni HDL yake nzuri iliyopandisha jumla. Huyu wa pili anahitaji statini leo, pamoja na dawa ya presha na msaada wa kuacha sigara. Wa kwanza anahitaji kuambiwa aende nyumbani, apimwe tena baada ya miaka michache, na asinunue chochote. Kwenye kambi, karatasi hizi mbili huwa zinasomwa kinyume.

Hesabu ya faida inaeleza kwa nini. Majaribio makubwa yaliyounganishwa pamoja yanaonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takribani asilimia 22. Punguzo hilo linakaribiana kwa watu wa aina nyingi. Linalotofautiana ni kile unachokipunguza. Chukua mtu ambaye hatari yake ya miaka 10 ni asilimia 25, mshushe LDL kwa 1.5, na hatari hiyo inafika karibu 17: kati ya watu 100 kama yeye, 8 wameepushwa na mshtuko au kiharusi. Mtu mwenye hatari ya asilimia 2, kwa dawa ileile na kipimo kilekile, anashuka hadi 1.4 hivi, yaani watu 6 kati ya 1,000 wanaomeza kidonge kila siku kwa miaka 10. Anayesema statini inapunguza hatari kwa theluthi na anayesema haisaidii zaidi ya watu sita kati ya elfu wanaweza wote kuwa wanasema kweli. Ugomvi mwingi wa mitandaoni ungekwisha kama kila mmoja angetaja ni mgonjwa yupi anayemzungumzia.

Hatari ya mtu hupimwaje basi? Shirika la Afya Duniani lilitoa upya chati zake mwaka 2019, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki una chati yake. Zinatumika kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Moja hutumia umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli ya jumla. Nyingine haihitaji maabara kabisa: badala ya kisukari na kolesteroli huweka uzito uliolinganishwa na urefu. Maana yake ni kwamba muuguzi wa zahanati ya Kawangware mwenye mizani, kipimo cha urefu na mashine ya presha anaweza kuanza kumpanga mgonjwa bila kumtoza hela ya kipimo cha damu. Kwa mwongozo wa shirika hilo, statini hupewa mwenye hatari ya asilimia 20 au zaidi, pamoja na mwenye kisukari aliyefika miaka 40. Wapo wasiohitaji chati: aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba, na mwenye kolesteroli ya jumla ya 8 kwenda juu. LDL ikifika 4.9 (kwenye karatasi za mg/dL ni 190), shuku ugonjwa wa kurithi, hasa kama baba au kaka alipata mshtuko kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 60, au kuna uvimbe mgumu kwenye kano ya nyuma ya kisigino. Hapo pimeni familia nzima, watoto wakiwemo. Kabla ya kuandika dawa ya kudumu, hakikisha pia tezi ya shingo haifanyi kazi kwa uvivu na figo hazivuji protini, kwa sababu yote mawili hupandisha LDL, na tiba yake ni nyingine.

Wanaopinga statini wana hoja nzito, na si haki kuwatupa wote kwenye kapu la wapotoshaji. Ni kweli kwamba majaribio mengi yalilipiwa na kampuni za dawa. Ni kweli kwamba statini huongeza kisukari: mkitibiwa watu 10,000 kwa miaka mitano kwa dozi yenye nguvu, watu 50 hadi 100 zaidi watagundulika na kisukari, wengi wao wakiwa tayari ukingoni. Watano hivi watapata ugonjwa halisi wa misuli. Kwa upande wa pili wa mizani, LDL ikishushwa kwa 2 mmol/L, watu 1,000 kati ya hao 10,000 wataepushwa na tukio kubwa kama tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa, na 500 kama hawakuwa nao lakini walikuwa katika hatari. Kwa mwenye hatari kubwa mizani haina utata. Kwa mwenye hatari ndogo inaweza kulala upande wowote, na hapo ndipo mgonjwa ana haki ya kusema hapana bila kugombezwa. Hoja nyingine nzito inatoka upande wa pili, kwa madaktari wanaosema chati ya miaka 10 humpendelea mzee na kumsahau kijana: mtu wa miaka 35 mwenye LDL ya 4.2 ana hatari ndogo leo, lakini ateri zake zinarundika mafuta kila mwaka. Nakubaliana nao kwa kiasi. Kijana huyo afuatiliwe, abadilishe mafuta ya kupikia, na mazungumzo ya dawa yasisubiri hadi apate mshtuko. Kumwanzishia kidonge cha maisha kwa kipimo kimoja cha kambini ni haraka mno.

Husemwa pia kwamba dawa hizi zilijaribiwa kwa Wazungu tu. Miaka ya 1990 hoja hiyo ilikuwa na uzito. Leo tunao utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliowahusisha watu 7,769 wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika nchi 12, zikiwemo Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. LDL yao ya kati ilikuwa karibu 2.8, yaani namba ambayo maabara nyingi zisingeiwekea H. Waliopewa pitavastatini walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 35. Hawakuwa na kolesteroli ya juu. Walikuwa na hatari ambayo kolesteroli peke yake haiioni.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa zaidi: kwamba ubongo umejaa kolesteroli, hivyo ukiishusha damuni unaunyima ubongo chakula. Ubongo hutengeneza kolesteroli yake wenyewe, ile ya damuni haivuki kuingia humo. Na kama LDL ndogo ingekuwa sumu, tungeiona kwa waliozaliwa nayo. Mwaka 2006 watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen walichapisha habari za Wamarekani weusi waliorithi hitilafu kwenye PCSK9, jeni ya protini inayopunguza vile vipokezi vya kunasa LDL. Asilimia 2.6 yao walikuwa na hitilafu hiyo: LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Hitilafu ya aina hiyo imeonekana pia kwa wanawake wa kliniki ya wajawazito Zimbabwe, na mmoja wao aliyeirithi kwa wazazi wote wawili alikuwa na LDL ya 0.4 tu, akiwa mzima na amezaa. Ushahidi huu umetoka kwenye damu ya Waafrika, na unasikitisha kuona hausikiki kwenye makundi yetu. Wengine huwataja Wamaasai: mbona wanaishi kwa nyama na maziwa na mioyo yao ni imara? Mtafiti George Mann aliwapima miaka ya 1960 na kukuta kolesteroli yao iko chini. Alipochunguza maiti 50 za wanaume wa Kimaasai na kuchapisha mwaka 1972, alikuta mafuta mengi kwenye kuta za ateri, ila ateri zenyewe zilikuwa zimepanuka, jambo alilolihusisha na kutembea kwao kusikokoma. Hiyo ni hoja ya kutembea. Haimkingi mtu anayekaa kwenye gari saa tatu kwa siku kati ya Rongai na mjini. Kuhusu dawa za “asilia” zinazouzwa badala ya statini, mchele uliochachushwa kwa ukungu mwekundu hushusha LDL kwa sababu una monakolini K, ambayo ni lovastatini yenyewe, katika kiasi kinachobadilika kutoka kopo hadi kopo.

Malalamiko ya misuli yanahitaji nafasi yake, kwa sababu ndiyo yanayowaachisha watu dawa. Maumivu wanayoyasikia ni ya kweli, suala ni chanzo. Katika utafiti wa SAMSON wa London, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu, mwezi baada ya mwezi, chupa za atorvastatini 20 mg na chupa za vidonge visivyo na dawa, bila kujua zipi ni zipi, na miezi mingine chupa tupu. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, adha yao ilikuwa 8.0 miezi ya chupa tupu, 15.4 miezi ya vidonge visivyo na dawa, na 16.3 miezi ya statini. Karibu adha yote ilitokana na kitendo cha kumeza kidonge wanachokiogopa. Hapo ndipo video inapodhuru: inapanda maumivu. Anayeumwa afanye hivi. Kama ni udhaifu mkubwa au mkojo umegeuka rangi ya soda nyeusi, aache dawa siku hiyohiyo na aende hospitali, apimwe figo na CK, kimeng’enya kinachopanda damuni misuli ikiumia. Kama ni maumivu ya kawaida, daktari apime CK na tezi ya shingo, asimamishe dawa wiki mbili hadi nne aone kama yanakwisha, kisha airudishe kwa dozi ndogo au abadilishe statini. Wengi huweza kuendelea.

Kinacholeta ugonjwa halisi wa misuli hapa kwetu mara nyingi ni mchanganyiko wa dawa. Amlodipini ni miongoni mwa dawa za presha zinazotumika zaidi Kenya, na anayeitumia asizidishe simvastatini 20 mg. Atorvastatini au rosuvastatini zinamfaa zaidi. Mtu akiingia dukani na kikohozi akauziwa klarithromaisini au erithromaisini huku anameza simvastatini, kiwango cha statini mwilini hupanda sana. Asimamishe simvastatini hadi amalize antibayotiki, au apewe antibayotiki nyingine. Anayetumia ARV zenye ritonaviri asiguse simvastatini wala lovastatini kabisa. Dolutegraviri haina tatizo hilo. Wakenya wenye asili ya Asia Kusini huanza rosuvastatini kwa 5 mg, kwa kuwa kiwango chake damuni hupanda zaidi kwao. Muuza dawa anayeuliza “unatumia dawa gani nyingine?” kabla ya kukata vidonge anafanya kazi kubwa kuliko anayeuliza “unataka ya bei gani?”

Juu ya chakula nitasema machache. Chupa ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa “haina kolesteroli” haikuambii kitu, maana hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya maana. Kinachopandisha LDL ni mafuta yaliyojaa (“saturated”), na mawese, ambayo ndiyo msingi wa mafuta mengi ya kugandishwa na ya kupima yanayouzwa mitaani, ni mafuta ya aina hiyo kwa karibu nusu. Alizeti ina sehemu moja hivi katika kumi. Kubadilisha mafuta ya chapati na mandazi kutakusaidia kuliko kujinyima yai. Trigliseridi zikipanda, tazama pombe, sukari na kisukari kisichodhibitiwa. Zikizidi 4.5, ile hesabu ya LDL haiaminiki tena na kipimo kirudiwe ukiwa umefunga. Zikizidi 10, kongosho liko hatarini na jambo hilo halisubiri. Na HDL ikiwa chini, usinunue kitu cha kuipandisha. Dawa ya majaribio iitwayo torcetrapib iliipandisha sana, na jaribio lake lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu vifo viliongezeka.

Tukitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa jiji zima, jambo la kwanza ni presha. Takriban robo ya watu wazima wa Kenya walikutwa na shinikizo la juu katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, na kiharusi hufuata presha kuliko kinavyofuata kolesteroli. Kambi inayopima kolesteroli ya vijana wa ofisini na kuwaacha walinzi na wasafishaji wa jengo hilohilo bila kupimwa presha imepeleka hela mahali pasipofaa. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi, picha ya CT, inayoonyesha kama kilikuwa cha kuziba au cha kuvuja damu, ni muhimu kabla ya statini: utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba atorvastatini 80 mg hupunguza viharusi vinavyorudi kwa asilimia 16, lakini waliovuja damu ubongoni walikuwa asilimia 2.3 dhidi ya 1.4 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa kiharusi cha kuziba faida inashinda. Kwa cha kuvuja, daktari apime upya.

Jambo la pili ni ufuatiliaji. Mtu huandikiwa vidonge vya siku 30, vinakwisha, na kwa kuwa hajisikii tofauti anadhani amepona. Statini haimalizi ugonjwa. Ukiiacha, LDL hurudi ilipokuwa ndani ya wiki chache. Dozi ya mwanzo ichaguliwe vizuri, kwa sababu kuiongeza maradufu hushusha LDL kwa asilimia 6 tu zaidi: atorvastatini 20 mg ikiishusha kwa 43, usitarajie 40 mg iishushe kwa 86. Itakuwa 49 hivi. Kama bado haitoshi, kuongeza ezetimibu, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli, hushusha kwa takriban asilimia 20 zaidi ya hapo. Simvastatini imezwe usiku, atorvastatini na rosuvastatini saa yoyote unayoikumbuka. Kipimo cha LDL na cha ini kirudiwe kati ya wiki 4 na 12, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi siku dawa inapotolewa, pamoja na LDL ya mwanzo na sababu ya kuanzishiwa: kisukari, kiharusi, au hatari ya asilimia kadhaa. Mgonjwa akiambiwa aache, yeye na daktari wake wawe na cha kurejelea.